Devota Kawa wa Ngapi

Basi letu la Mikumi lilikuwa halijatoka Kilosa, lakini mama mmoja wa Tindiga alishambana mwalimu wa hesabu wa binti yake. "Devota kawa wa ngapi?" Mwalimu akamjibu kwa upole, "Siku hizi hatupangi nafasi, mama. Tunapima kila stadi. Milinganyo anaiweza, grafu bado, atarudia Jumatatu."

"Nimekuelewa. Wa ngapi?"

Mwalimu akaeleza upya, taratibu, kama vile mama ndiye aliyefeli grafu. Mama akamkatiza, "Mwalimu, baba yake anataka kumwachisha shule. Nikampe grafu?"

Tunaingia Mikumi, mwalimu yuko hoi. "Haya mama, wa pili," akasema, nafasi aliyoitunga papo hapo.

"Si ungesema tangu Kilosa," mama akajibu, akiinuka na kikapu chake. "Na wa kwanza ni mtoto wa nani?"