Kiti cha Kivulini

Tangu Iringa, Filemoni alikaa upande wa kivuli ndani ya basi, roho haimtulii. Kwenye kiti cha upande wa pili, juani, Rozalia wa Kilolo alimpakata mwanawe aliyezaliwa na ngozi nyeupe, midomo imepasuka.

"Mfunike kanga, mwanangu, jua linamla," alisema Bi Mwanahawa, mfanyabiashara aliyeketi kando ya Rozalia.

"Mama, kwetu ni baridi. Jua la baridi haliunguzi mtu. Hiyo midomo ni upepo."

"Upepo gani huo, unampasua mmoja tu nyumba nzima?"

"Wengine si wamezoea!"

Huruma ilimjaa Filemoni, akavuta kofia usoni. Kiti chenyewe alikiwahi tangu alfajiri.

Basi likasimama Igawa. Rozalia akashuka na mtoto, safari yao imeishia hapo, kanga ingali kiunoni. Hapo ndipo Filemoni alipoinuka kumpisha kiti.