Dalmas Ojwang, Aliyetafuta Dawa Mtaroni

Ijumaa, tarehe 30 Oktoba 1998, baada ya miaka ishirini na saba ya utumishi, Mzee Dalmas Ojwang atavua koti lake jeupe na kuiaga maabara ya Zahanati ya Neema Mpya, Kawangware. Wanaomjua wanasema Jumatatu atarudi kuangalia kama darubini imefunikwa. Mimi nasema hatangoja Jumatatu.

Alijiunga nasi mwaka 1971, kijana mrefu wa Nyakach aliyetoka masomoni Tbilisi, katika Muungano wa Kisovieti. Alirudi na kofia ya manyoya, ambayo huivaa kila Julai, msimu wa baridi, bila haya, na elimu ambayo hapa hakuna aliyeihitaji. Huko walimfundisha kwamba kuna virusi ambavyo chakula chake ni bakteria tu. Mtu havimgusi. Ukipata vile vinavyokula bakteria wa kidonda fulani, unaweza kukitibu kidonda hicho. Kila alipoanza habari hiyo kwenye mikutano yetu tulimwambia chai inapoa. Antibiotiki zilikuwa zinafanya kazi, na barabara ikiwa wazi nani atapita uchochoroni?

Kufikia miaka ya tisini barabara ilikuwa imeanza kuziba. Vidonge vya rangi mbili viliuzwa vibandani kando ya sigara na vitunguu, viwili viwili, na mtu aliviacha mara tu alipojisikia nafuu. Bakteria wakazizoea dawa. Mzee Ojwang alituletea majibu ya maabara akitikisa kichwa, na hakuna tena aliyemkumbusha chai.

Mwaka 1996 akaja Beth Wagaki, fundi wa nguo wa Riruta Satellite, mjane mwenye watoto wa shule. Jiko la makaa lilikuwa limemwangukia mguuni, na kidonda kikaingia usaha wa kijani. Tulijaribu kila antibiotiki tuliyoijua, zikashindwa zote. Hospitali kubwa ikampa tarehe ya kukatwa mguu. Mimi ndiye niliyekuwa nikimfunga kidonda. Hakulia. Aliniuliza tu kama mtu anaweza kukanyaga cherehani kwa mguu mmoja.

Mzee Ojwang akaomba ruhusa ya kujaribu virusi vyake. Dakta Nderitu, mganga wetu mkuu, alikubali kwa masharti: mgonjwa aridhie mwenyewe, na tarehe ya upasuaji isisogezwe.

Sasa, virusi hivi hupatikana pale bakteria walipojaa, yaani kwenye maji taka. Mtaro wa mtaa wa Ayany ulimnyima. Akaenda kijiji cha Raila, Kibera, na gambuti miguuni na chupa mkononi, akainama juu ya mtaro. Wapangaji walipomwona wakadhani huyo ni wa kanjo, yaani baraza la jiji, amekuja kupima nyumba zibomolewe, wakamzingira. Alijieleza kwa Kijaluo, lugha ya wengi wao, na hasira ikageuka kicheko. Mama mmoja akampeleka hadi mtaro unaonuka kuliko yote, akimsifia kana kwamba anauza samaki.

Chupa ikafika maabara. Asubuhi Apiyo, mfanyakazi wetu wa usafi, akaikuta mezani ikinuka. Apiyo hapatani na uchafu, na kwa moyo mweupe kabisa akaimiminia Jik ya kuua vijidudu. Bakteria wakafa, virusi vikafa, na nadhani hata Mzee Ojwang alikufa kidogo. Hakumgombeza. Alivaa gambuti zake tena, na safari hii Apiyo alikwenda naye Raila akibeba chupa mwenyewe.

Virusi vikapatikana, akavichuja hadi vikabaki katika maji safi. Likabaki neno lenyewe. Miaka hii ukitamka virusi, mtu anasikia Ukimwi. Dakta Nderitu alishauri tuiite dawa ya maji, yaishe. Mzee Ojwang akakataa: mguu ni wa mama huyu, basi na ukweli ni wake. Akamweleza kila kitu. Mama Wagaki akachukua fimbo yake, akaenda zake bila kuaga, na tarehe ya hospitali ilikuwa karibu.

Aliporudi kufungwa kidonda, Mzee Ojwang hakumbembeleza. Alimwomba tu aingie maabara atazame visahani viwili. Kimoja kilikuwa na utando mzito wa bakteria wa mguu wake. Cha pili kilikuwa na utando huohuo, ila umetoboka matundu kila mahali, pale virusi vilipokuwa vimekula. Mama Wagaki alikiinua kwenye mwanga jinsi anavyokagua kitambaa. "Hii imekuliwa na nondo kabisa," akasema. "Haya, Daktari, niwekee hao nondo. Lakini wasikule mguu."

Tuliudondoshea mguu maji yale yenye virusi kila siku. Kwanza ilikwisha harufu, kisha rangi ya kijani. Siku ya upasuaji daktari wa hospitali alimkagua, akamkata vidole viwili vilivyokuwa vimeshakufa, akamwachia mguu.

Si kila mgonjwa aliyefuata aliyepona, na Mzee Ojwang hakuwahi kumwahidi yeyote. Hata Mama Wagaki mambo hayakumnyookea mara moja, kwani uvumi wa virusi uliwafukuza wateja wake. Mzee Ojwang aliposikia, alikwenda Satellite Jumamosi mchana, soko likiwa limejaa, akasimama mbele ya kibanda cha mama huyo apimwe suruali. Wiki iliyofuata akampeleka mkewe, kisha Apiyo, kisha sisi sote. Wateja wakarudi mmoja mmoja. Suruali ile ni fupi, na anaivaa mpaka leo.

Tunampenda mzee huyu. Asante, Mzee Ojwang, kwa kutufundisha kumwambia mgonjwa kweli hata inapotugharimu. Nenda Nyakach ukapumzike, ule samaki, usahau mitaro. Mungu akupe uzee mtamu.

Sherehe itaanza saa nane, na Mama Wagaki ndiye atakayeongoza maombi. Tulimwambia tutamtumia gari la zahanati. Amejibu kwamba anashukuru, lakini atatembea.

Hope Shivachi, muuguzi