Vidonge Nilivyovitupa Chooni

Kabla ya lolote, nawataja mlio hapa: Mzee Hamisi mwenyekiti wetu, Nalongo, Mama Otieno na mumewe, Baba Deo, sista muuguzi, na huyu mdogo wangu wa kofia nyekundu. Mwaka jana sikujua kama leo angeketi nasi!

Ndugu zangu, wazazi walipofariki niliacha shule darasa la tano, nikauza chapati Bukoto ili wadogo zangu wasome. Kwa hiyo saratani ilipoota kwenye ubongo wa huyu, nilijiona mimi ndiye mama, ndiye daktari. Alipasuliwa, akapigwa mionzi. Uvimbe ukarudi. Daktari akasema kuna dawa ya zamani ya wagonjwa wa akili, sasa wanaijaribu kama itauzuia. Mdogo wangu akakubali.

Lakini mtaani kwetu, nani atamwoa msichana anayemeza dawa ya wazimu? Nawaambia ukweli: kila asubuhi nilimpa vitamini, vile vidonge nikavitupa chooni. Kliniki, sista akitazama chupa, tupu.

"Amemeza vyote?"

"Vyote."

Akaandika.

Siku moja jirani, mama ambaye mtaa mzima unajua anatibiwa akili, alikuja kuomba kiberiti akaiona chupa.

"Eh, dada! Na ninyi mnameza hii?"

"Ni ya mgonjwa, ila simpi. Ni ya wazimu."

Alicheka mpaka akashika ukuta. "Mimi naimeza mwaka wa nne. Nimekuuma lini?" Kisha akaacha kucheka. "Mtoto anapigania uhai, wewe unapigania jina?"

Niliacha unga kwenye beseni, nikaenda kliniki mbio.

"Sista, nimewadanganya. Hajameza hata kimoja."

Akaweka kalamu chini. "Ungenyamaza, tungeandika dawa imeshindwa. Wangapi wangeikosa?"

Daktari alinikaripia, akasahihisha kitabu, tukaanza upya. Mdogo wangu alininyang'anya chupa, akaanza kujipimia dawa mwenyewe. Ilikuwa haki yake.

Sasa sikilizeni! Picha ya kichwa ya wiki iliyopita: uvimbe umepungua! Umepungua! Daktari anasema mgonjwa mmoja si jibu, utafiti bado, tungoje. Nikamwambia, "Daktari, wewe ngoja. Mimi nashangilia!"

Asante sista, asanteni nyote mliotushika mkono. Mgonjwa akikubali dawa, msimnyime kwa siri kwa kuogopa macho ya watu.

Na yule jirani? Nimemwomba radhi, lakini jikoni, tukiwa wawili. Kumwita kichaa, zamani, nilimwita kwenye bomba la maji, mtaa mzima ukisikia. Huko bado sijaenda kumwomba radhi.