Mkono wa Fundi Nyundo

Tarehe 17 Agosti 2001, saa kumi na moja jioni, katika daftari la hospitali ya wilaya paliandikwa: "Mwanamke, miaka 29, mtulinga wa kushoto umevunjika, ameanguka ngazini." Mtulinga, ule mfupa wa kutoka shingoni hadi begani, ulivunjika kweli, picha ya eksirei ipo. Nyumba yake na mumewe haikuwa na ngazi. Wasifu huu unaanzia hapo kwa agizo la mwanamke huyo, sasa mjane, aliyewaambia wanawe na wifi yake: "Msimpake mafuta. Someni alivyokuwa, la sivyo hata mema yake hakuna atakayeyaamini."

Marehemu, aliyejulikana na wengi kama Fundi Nyundo, alizaliwa tarehe 3 Mei 1964, mtoto wa tatu na wa kiume pekee wa karani wa posta na mshona nguo. Baba yake alikuwa mtu wa baiskeli na mtu wa kipigo. Alirudi kazini, akaiegemeza baiskeli ukutani, akashusha msumarini kipande cha mpira wa tairi, ndipo akauliza nani amekosa leo. Dada mkubwa wa marehemu anakumbuka kwamba mdogo wake alijibu "Mimi" kabla swali halijaisha, hata siku ambazo hakuwa amefanya lolote, ili wao wasiguswe. Makovu ya mgongoni anazikwa nayo.

Alianza shule ya msingi mwaka 1971, akawa hodari wa hesabu. Sekondari hakufika mbali. Tarehe 6 Juni 1980, akiwa kidato cha tatu, alimvunja taya kiranja aliyemtukania mama, akafukuzwa siku hiyo hiyo. Jioni mpira wa tairi ulikatikia mgongoni mwake, na baba akaenda kutafuta mwingine.

Mwaka uliofuata alipokelewa gereji kujifunza kunyoosha bodi za magari, kazi aliyoifanya hadi mwisho wa maisha yake. Mlango uliobonyea aliurudisha kwa mapigo machache kuliko fundi yeyote, na jina la Nyundo likamganda. Wenzake walimcheka kwamba gari likiingia gereji hujinyoosha lenyewe likimwona. Walicheka wakiwa mbali kidogo.

Tarehe 12 Desemba 1992 alimwoa mpiga chapa wa ofisi ya ardhi. Alimpiga mara ya kwanza mwezi wa nne wa ndoa, akalia, akaomba radhi. Akampiga tena. Mwaka 2001 kisa kilikuwa shati lisilopigwa pasi. Alipotoka hospitali, mkono ukiwa umefungwa kitambaa shingoni, mkewe hakwenda kwao. Aliingia stoo, akaikokota kwa mkono mmoja baiskeli ya marehemu baba mkwe, matairi yamelala, akaisimamisha mlangoni.

"Sikia, baba watoto. Njia ya kwetu naijua. Siku mkono ukikuwasha, panda hii, uende mpaka upoe. Ukinigusa tena, nitaipanda mimi, na sitarudi."

"Na ukiniwasha kila siku?"

"Basi utakonda."

Hivyo ndivyo sheria ya nyumba ilivyowekwa: baba akielekea kwenye baiskeli, mtu asisimame mlangoni, asimuulize aendako, wala asimalize sentensi aliyokuwa akiisema. Marehemu alifunga mita ndogo kwenye gurudumu la mbele, na kila aliporudi aliandika kwa chaki, nyuma ya mlango wa stoo, tarehe, umbali na kisa. Sehemu bado inasomeka: "Kilomita 9, redio. Kilomita 22, mwanangu kanijibu. Kilomita 41, shemeji."

Shemeji mwenyewe, kaka wa mke, aliyasoma hayo katika kikao cha familia.

"Kumbe mimi peke yangu nakufikisha hadi stesheni na kurudi!"

"Ungeongeza neno moja, shemeji, ningevuka mpaka."

Mwanzoni alirudi akiwa na mate ya hasira mdomoni, magoti yamechubuka, kwa sababu alikanyaga pedali kama mtu anayemkanyaga mwenzake, hata akaanguka. Siku moja aligonga ukuta kwa makusudi. Mkewe anasema ilichukua karibu miaka miwili kabla ya kuona mabega ya mumewe yameshuka. Baadaye alianza kutoka alfajiri, hasira haijaja, kilomita tano tu. Usingizi ukarudi, akaacha kusaga meno. Gerejini mafundi wakishikana mashati, aliwatupia ufunguo wa baiskeli: "Kazunguke uwanja mara tatu, kisha uje umtukane vizuri."

Mwaka 2019 aligunduliwa kuwa na shinikizo la damu. Daktari alimwambia apunguze mwendo; binti yake, kwa mapenzi, aliifunga baiskeli kwa mnyororo na kuficha ufunguo. Siku ya nne marehemu aliichukua nyundo, akauvunja mlango wa jikoni, akavunja meza, akavunja sinki. Binti na mama walikuwa wamesimama hatua tatu kutoka kwake. Hakuwagusa. Aliipindua baiskeli miguu juu pale ilipofungwa, akaketi sakafuni, akazungusha pedali kwa mkono, saa nzima. Binti alileta ufunguo akauweka mapajani mwake.

"Ungesema tu, baba."

"Ningefungua mdomo, mwanangu, mkono ungetangulia."

Jumamosi, tarehe 9 Machi 2024, saa tatu asubuhi, akitoka mazoezini, alikuta wapagazi wawili wakipigana mbele ya ghala la saruji. Mmoja alikuwa na mtaimbo, mwingine damu usoni. Marehemu aliangusha baiskeli akaingia kati. Mtaimbo ulimpata juu ya sikio la kushoto. Hakuzinduka tena, na alifariki hospitalini Alhamisi, tarehe 14 Machi, saa nane mchana, mkewe akiwa kando yake.

Tangu siku ya mtulinga hadi asubuhi hiyo ilikuwa miaka ishirini na miwili, miezi sita na siku ishirini na moja, na hakuna mtu aliyepigwa na marehemu. Mjane alitaka kujua jambo moja tu: je, hesabu hiyo ilikamilika, au mwishoni alipiga? Mashahidi watatu waliulizwa, kila mmoja peke yake. Fundi viatu anasema marehemu aliinua mkono wa kulia, ngumi imekunjwa. Mlinzi wa ghala anasema aliuinua, lakini kiganja kimenyooshwa. Mpagazi aliyejeruhiwa anasema aliona mkono huo ukipanda, kisha damu ikamjaa machoni. Vifundo vya mkono wa kulia vilikuwa vimechubuka, lakini aliangukia lami.

"Basi andikeni hivyo hivyo," mjane alisema. "Nimeishi naye bila kujua kesho. Hili nalo nitaliweza."

Marehemu ameacha mjane, binti mmoja, mwana mmoja, wajukuu wawili na dada wawili. Mungu ampe utulivu ambao hapa duniani aliutafuta kwa jasho, kila asubuhi.

Mkono wa kulia uliinuka. Mashahidi wote watatu wanakubaliana. Kama uliinuka kupiga au kukinga, haijulikani.