Marsela na Foleni ya Mawe

Baba Paroko, wazee wetu wa Daa, majirani wa Karatu mjini, na ninyi wageni mlioshuka kutoka Nainokanoka, poleni kwa msiba huu, poleni na kwa jua, mimi ni Josephati Hhando, mdogo wake marehemu, ukoo umenipa kazi ya kusoma maisha ya dada yangu, nami karatasi hii nimeiandika mara tatu na kuichana mara mbili, kwa hiyo mkiona nasoma mbio, au nimekwama katikati ya maneno, mnivumilie, si kwamba macho hayaoni.

Marehemu Marsela Hhando alizaliwa tarehe 14 Machi 1948 hapa hapa Daa, mtoto wa pili wa marehemu mzee wetu Hhando na mama yetu, ambaye mnamwona pale mbele amekataa hata chai tangu Alhamisi. Mama husema Marsela alitembea akiwa na miezi tisa na tangu siku hiyo hakukaa tena, alikula akiwa wima, alimenya maharage akizunguka nyumba, na marehemu baba alikuwa akimtania kwamba kigoda chake apewe paka.

Alianza shule ya misheni Januari 1957, akamaliza darasa la nane mwaka 1964, akiwa wa kwanza kwa hesabu na wa mwisho kwa utulivu darasani, baada ya hapo alirudi nyumbani kulima pamoja na wazazi. Tarehe 25 Novemba 1972 alifunga ndoa takatifu na shemeji yetu Inosenti, fundi seremala, mtu mpole ambaye alijua anaoa upepo na akaoa hivyo hivyo, wakajaliwa watoto watatu, Leonida aliyezaliwa mwaka 1973, Patrisi mwaka 1976, na kitinda mimba wao Hhando, aliyechukua jina la babu yake, mwaka 1981.

Jumatatu tarehe 4 Julai 1977 aliajiriwa kuwa muuza duka katika duka la ushirika, Karatu, na hapo ndipo wengi wenu mlipomfahamu. Alikuwa na desturi moja ambayo wahudumu wengine waliiona ni kupoteza muda, hakumuuliza mtu anataka nini kabla ya kumuuliza ametoka wapi na nyumbani wakoje, akimwona mama wa Kimasai mlangoni humwamkia kwa lugha yake, takwenya, akasubiri aitikiwe iko, ndipo ashike mzani, na mteja aliyeingia na hasira zake za foleni alijikuta anaeleza habari za ndama wake huku sukari inapimwa. Tulimcheka nyumbani, tukamwambia dada, wewe unauza chumvi au unapiga soga, akajibu kwamba mtu akishatajwa kwa jina hasukumi mwenzake.

Miaka ile ya shida ilipofika, sabuni ikawa habari na sukari ikawa tetesi, mnakumbuka jinsi tulivyopanga mawe mbele ya duka, kila mtu na jiwe lake, unaliacha kwenye foleni unakwenda shambani, ukirudi unasimama penye jiwe lako na hakuna wa kukuuliza. Lori likija, habari hufika Daa siku hiyo hiyo, lakini Nainokanoka hufika vitu vikiwa vimekwisha, na watu wa kule, wakitembea siku mbili kuja mnadani, walikuta rafu tupu. Marsela hakuweza kuvumilia jambo hilo, akaanza kuweka mawe matano kwa mikono yake mwenyewe, mbele kabisa, kwa ajili ya watu wasiokuwepo, na sehemu yao aliitunza mpaka siku ya mnada, na ikipita bila wao kutokea, iliuzwa kwa waliopo.

Sasa nafika mahali ambapo karatasi mbili za kwanza zilichanika.

Jumatano tarehe 10 Agosti 1983 lori lilileta mablanketi thelathini, baridi ya mwaka ule mnaikumbuka, na mke wangu Antonia alikuwa na kichanga cha wiki tatu. Kesho yake nilisimama kwenye foleni tangu asubuhi, watu ishirini na watano wakapata, mimi nilikuwa wa ishirini na sita, nikafika kwenye kaunta nikayaona mablanketi matano yamebaki nyuma yake, nikanyoosha mkono.

"Mdogo wangu, mbele yako kuna watu," alisema.

"Watu gani, dada? Mbona naona mawe?"

"Mawe yana wenyewe. Pole sana, Josephati. Njoo nyumbani uchukue blanketi langu la kulalia."

Sikwenda kulichukua, nilikuwa na kiburi, nikarudi kwangu mikono mitupu na watu wakinitazama, mtoto akafunikwa kanga mbili na koti langu. Jumamosi mama Nanyokie wa Nainokanoka akafika mnadani, akaamkiwa, akaulizwa ng'ombe, akaulizwa watoto, akapewa blanketi, akaondoka nalo begani akipita mbele yangu, na mimi nikawaka hasira.

Jumamosi iliyofuata, tarehe 20, kamati ya duka ilikaa, tulikuwa wajumbe tisa pamoja na mwenyekiti wetu, Mzee Piusi. Marsela aliambiwa asubiri nje. Ilisemwa kwamba anaficha bidhaa, neno ambalo mwaka ule lilitosha kumpeleka mtu ndani, na ilipoulizwa nani anataka aondolewe kwenye kaunta, mikono minane iliinuka na mmoja haukuinuka. Alipoitwa aliambiwa hivyo tu, wanane kwa mmoja, akafungua aproni yake, akaikunja, akaiweka juu ya meza, akanitazama mimi, akatoka.

Mhudumu aliyekuja baada yake, ambaye simtaji, alitupa vitu kwenye kaunta kama anayelisha mbwa, hakuitikia salamu, na sisi wateja tukawa kama yeye, viwiko, matusi, wazee wakisukumwa, mama mmoja akavunjwa jino, watu wa Nainokanoka wakaacha kuja kabisa. Marsela hakukaa nyumbani, angewezaje, alikuja akasimama kwenye foleni kama mteja, akawa anapita mstari mzima akiuliza watu wametoka wapi, mjamzito akamsogeza mbele, aliyechoka akamshikia nafasi, na foleni ikatulia pale alipo na kuchafuka pale asipokuwepo, hata yule mhudumu, kufikia mwaka 1985, akaanza kuitikia salamu kwa sababu mstari mzima ulikuwa unamsalimia. Alikuja kila siku ya lori, hata kama hakuwa na haja ya kitu.

Lakini kwa Mzee Piusi hakuwa na salamu. Aliamini mwenyekiti ndiye aliyeanza, alivuka barabara akimwona, kanisani alihama benchi, na Mzee Piusi hakujitetea, maana kwake ya kikao hubaki kikaoni. Ule mkono mmoja ambao haukuinuka dada aliamini ni wangu, damu nzito kuliko maji, alisema, na kwa miaka karibu mitano nimekula kuku wake, nimepewa kiti cha kwanza kwenye kila sherehe yake, watoto wangu wameshonewa nguo na mikono yake, na sikufungua mdomo.

Novemba 1987 alianza kuvimba miguu, akagundulika ana shinikizo la damu na figo zimechoka, tarehe 22 Februari mwaka huu akalazwa hospitali ya misheni, na hata pale manesi walimkuta mara kwa mara wodi ya jirani akiwauliza wagonjwa wametoka wapi. Mwanzoni mwa mwezi huu alinishika mkono akasema, "Ule mkono wako, Josephati, ndio ulionifanya nisiwachukie watu." Nikatikisa kichwa kukubali. Alifariki Alhamisi tarehe 9 Juni 1988, saa nne asubuhi.

Ndugu zangu, mkono wangu uliinuka siku ile, na uliinuka wa kwanza, kabla swali halijaisha. Mzee Piusi, nakuomba radhi mbele ya mama yangu na mbele ya jeneza hili, nimekuacha ubebe mzigo wangu, na yule aliyepaswa kusikia hasikii tena.

Familia inawashukuru madaktari na manesi, ambao walichoka kabla yake, shemeji Inosenti ambaye alimnawisha uso kila asubuhi, majirani wa Daa na Karatu kwa kuni, maji na mahindi, wafanyakazi wenzake wa zamani wa dukani, mama Nanyokie na wenzake kwa mwendo wa siku mbili, na Mzee Piusi, ambaye tangu alfajiri amechimba kaburi hili bila kuitwa na mtu.

Dada Marsela, ule mkono mmoja ulikuwa wa Mzee Piusi, msalimie. Pumzika, mama wa watu, pumzika kwa amani.