Kitenge Alichokivuta Mama Esta

Jina la Bwana lipewe sifa, ndugu zangu! Kaeni tu, sitachukua muda mrefu. Mnanijua mimi Daforoza wa Doonside, si mtu wa kurukaruka mbele ya watu. Nitasema yaliyonipata, kisha nirudi kwenye kiti changu.

Mimi ni Mrundi, nimekulia kambini Tanzania. Kwetu mwanamke akishikwa na uchungu wa kuzaa hapigi kelele. Bibi yangu alinifunza hivyo kabla sijajua hata watoto hutoka wapi: uma kitenge, nyamaza, usiwatie aibu watu wa mume wako. Mtoto wa kwanza nilimzaa kule kambini bila hata kuguna, nikasifiwa na majirani wote. Nikaja huku Sydney, Australia, na sifa yangu hiyo.

Mnakumbuka jinsi akina mama wa kanisa hili walivyoanza kusindikizana hospitali kujifungua. Wengi wetu tulikuwa tunarudi nyumbani tumedhoofika, hatuelewi kwa nini, na dada yetu mmoja hakurudi kabisa. Wakaenda kuongea na wakunga, wakakubaliana kwamba mama akitaka, awe na mwenzake mle chumbani, mtu anayejua desturi zetu. Mimi nikapangiwa Mama Esta, Mkongomani. Ndugu zangu, nilinung'unika! Mama Esta huyuhuyu, ambaye kwaya nzima ikiimba unamsikia yeye peke yake! Nikamwambia mume wangu, huyu atanitangaza hospitali nzima.

Siku ilipofika, mume wangu alikuwa kazini, ghalani kule Penrith. Mama Esta akanipeleka. Nesi akawa ananiuliza maumivu ni ngapi, kuanzia sifuri mpaka kumi. Nikasema mbili. Nilikuwa naona nyota mchana, lakini nikasema mbili. Watu wanakuhudumia vizuri namna ile, uanze kuwalalamikia?

"Mbili ya wapi, we Daforoza!" akafoka Mama Esta.

Mtoto akatoka salama, msichana. Mama Esta akatoka kwenda kumpigia simu mume wangu, na kuchukua uji aliouacha kwenye gari.

Hapo ndipo nilipohisi damu inatoka, nyingi, haikatiki. Shuka zilikuwa nyeupe, nikaona haya kuzichafua. Nikachukua kitenge changu, nikakikunja, nikakiweka chini yangu, nikavuta blanketi mpaka kifuani. Nesi akapita, akauliza kama niko sawa. Nikamjibu, "Okay, sista," na tabasamu juu. Akaenda zake. Nikaanza kusikia baridi. Mtoto alikuwa analia pale pembeni yangu, lakini sauti yake naisikia kwa mbali. Nikaogopa sana, na bado sikuita mtu. Ndugu zangu, nilikuwa nakufa kwa adabu!

Mama Esta akaingia na chupa yake ya uji. Akanitazama midomo. Hakuniuliza kitu. Akafunua blanketi, akakivuta kile kitenge, kikatoka kinachuruzika damu.

"Mama weee! Sista, njoo! Damu! Huyu hasemi, watu wa kwao hawasemi!"

Nadhani hata mume wangu kule Penrith alisikia. Wakunga wakaja mbio na daktari, wakanikandamiza tumbo, wakanitundikia damu. Nikapona.

Nilikuwa nimeomba Mungu anipe utulivu siku ile. Yeye akanipa Mama Esta. Asante Yesu! Na wewe Mama Esta, yote niliyosema juu ya sauti yako nayafuta. Lakini kwenye mapambio ya asubuhi, punguza kidogo.

Siku hizi na mimi nasindikiza wenzangu. Dada uliyekaa hapo nyuma na tumbo lako, mtumaini Bwana, na umruhusu mmoja wetu aende nawe. Adabu iache nje ya mlango, utaikuta ukitoka. Mungu anamsikia hata aliyenyamaza. Nesi hamsikii. Kwa hiyo wakikuuliza ni ngapi, usiseme mbili.