Abla Tahani na Ukuta Uliopepesa

Baada ya miaka ishirini na sita ya kukodolea macho vioo vya kompyuta, Tahani Sharawi, Abla wetu sote, yaani dada yetu mkubwa, anastaafu tarehe 31 Januari, muda mfupi kabla ya Ramadhani. Tarehe hiyo aliichagua mwenyewe, na alikuwa na sababu.

Aliingia studio yetu ya katuni hapa Dokki kama mpakaji rangi, akapanda hadi kuwa mkuu wa mwanga. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha picha haipepesi. Katuni ya kompyuta ni maelfu ya picha zinazofuatana, na kila moja huchorwa upya. Ukiibania kompyuta muda, huukisia mwanga tu: hapa hivi, pale vile. Picha hizo zikipita haraka, ukuta unapepesa kama jicho lenye vumbi. Zulia nalo likilala usawa mmoja na sakafu, vyote viwili hugombea kuonekana. Abla hulinyanyua zulia kidogo tu, ugomvi ukaisha. Jicho lake halina likizo. Aliwahi kukataa kuagiza chai mpaka mwenye mkahawa abadilishe taa iliyokuwa ikimulika na kuzima juu ya meza yetu.

Lakini siku tusiyoisahau ni ya mfululizo wa kwanza wa Ramadhani wa mwongozaji wetu, Wagdi. Kama desturi yetu, kipindi cha kurushwa jioni, mchana bado tulikuwa tukikipika. Televisheni ilikuwa imeshatuonya: tukichelewa tena, nafasi yetu hewani anapewa mpishi na kipindi chake cha mapishi. Alasiri tukaona uchochoro wa kwenye katuni, uliopambwa kwa fanusi, taa za Ramadhani, unapepesa. Tukajifariji: si fanusi hizo, na si Ramadhani hii? Acha ziwake zitakavyo. Kosa la watu waliozoea furaha.

Abla siku hiyo alikuwa aondoke mapema. Binti yake Inji alikuwa ameolewa karibuni, na wazazi walialikwa kufuturu kwake Helwan kwa mara ya kwanza. Bata wake aliyejazwa wali alikuwa kwenye friji ya ofisi, tayari kwa safari. Abla akapita nyuma ya Wagdi, mkoba begani, akasimama. Akaagiza fanusi zote za kwenye katuni zizimwe. Ukabaki mwanga wa mwezi tu, na ukuta bado ukapepesa. Kumbe fanusi zilisingiziwa bure.

Wagdi, jasho likimtoka, akataka zile picha zinazofuatana zichanganywe ili kasoro ijifiche. Tukajaribu. Bibi wa kwenye katuni akapoteza mdomo, akawa anasimulia kwa kidevu. Abla akauweka mkoba chini.

“Mwanangu, ugonjwa hauponi kwa kupakwa poda,” alisema. “Ukuta hautembei. Upime mwanga wake mara moja, vizuri, kisha utumie huohuo katika kila picha. Muda uliobaki mpe bibi, yeye ndiye anayetembea.”

Wagdi akamuuliza, na Inji je?

“Inji ana mumewe. Wewe leo una nani?”

Kipindi kiliruka hewani adhana ya magharibi ikimalizika, ukuta umetulia kimya. Abla alituamuru tumle yule bata, na tulimla, Mungu atusamehe. Yeye alifuturu kwa tende, amesimama, macho kwenye televisheni. Kisha akampigia simu Inji. Tulimsikia akiomba radhi, tukaona anafuta machozi kwa ncha ya mtandio. Wagdi hakupoteza nafasi yake hewani, nasi tukabaki na ajira zetu.

Ramadhani zilizofuata kila moja ilikuja na ukuta wake. Inji ana watoto wawili sasa, na mama yake hajawahi hata mara moja kusikia adhana ya magharibi ya mwezi huo akiwa mezani kwa binti yake. Ndiyo maana akaichagua Januari.

Abla, asante. Umetufundisha kutafuta chanzo kabla ya kutafuta dawa, na umetupenda kuliko tulivyostahili. Mungu akupe afya, na macho yako yapumzike. Ramadhani hii keti kwa Inji, ule chakula kikiwa cha moto, wajukuu wakikugombea. Na ikitokea picha yetu ikapepesa, usiinuke. Ukuta huo sasa ni wetu.